Mistari Arobaini na Tisa

Ujumbe ulitokea kwenye kioo kwa mara ya tisa tangu jana mchana: faili hili lilitengenezwa kwa toleo la zamani la programu, haliwezi kufunguliwa hapa. Chini yake kulikuwa na kitufe kimoja tu, cha kukubali.

Mkaguzi Msaidizi Siwema Fikiri alikibonyeza bila kusoma hadi mwisho. Akaitoa sidii, akaipuliza, akaifuta kwa pindo la kitenge chake, akairudisha ndani ya laptopu ya mradi. Ikakoroma kidogo, ikanyamaza. Mara ya kumi.

Katika miaka kumi na saba ya upelelezi alikuwa amewabana wezi wa ng'ombe wa Igunga na watu wanaochanganya sukari guru kwenye asali ya Tabora, na wote hao mwisho wa yote walisema kitu kipya. Mashine hii ilikuwa inarudia sentensi ileile kwa adabu ileile, na hiyo adabu ndiyo iliyomtia hasira zaidi.

"Siwema," alisema Mrakibu Rashidi, mkuu wake wa upelelezi, akiwa mlangoni na kikombe cha kahawa. "Saa nane jalada liwe kwa mwendesha mashtaka. Yule binti anakwenda mahakamani leo."

"Sijalifungua hili faili, afande."

"Jalada lina mashahidi, lina sababu, lina kielelezo. Unataka lipigiwe na ngoma?"

Akaondoka. Ilikuwa saa tatu kasoro robo asubuhi.

Kusema kweli, kesi yenyewe ilikuwa imenyooka mno. Karibu na stesheni ya reli kulikuwa na ofisi ya mradi wa kuandikisha mashamba ya vijijini. Kwa miaka sita orodha ya kaya na mashamba yao ilikaa kwenye kompyuta moja kongwe ya mezani, ikitunzwa na karani mmoja, Jeska Aleksi, binti wa Ulyankulu. Wiki tatu zilizopita mtaalamu wa mfumo, kijana mmoja nadhifu aitwaye Godbless, aliihamishia orodha kwenye laptopu mpya yenye programu mpya, kisha akaifuta kabisa kompyuta ya zamani. Kesho yake mfumo mpya ukaanza kutuma ujumbe wa simu kwa kila kaya: shamba lako limeandikishwa.

Katika kijiji cha Barabara ya Tisa, hukohuko Ulyankulu, ambacho wakazi wake karibu wote wazazi wao walitoka Burundi, kulikuwa na kaya arobaini na saba. Ukafika ujumbe mmoja tu. Ulikuwa wa Godeliva, mama mdogo wake Jeska. Kaya arobaini na sita hazikuwemo kwenye orodha mpya, na mashamba yao yalionekana hayana wenyewe. Watu wale wamekaa nusu karne wakiulizwa karatasi zao kila wanapokohoa. Sasa karatasi waliyoiamini kuliko zote ilikuwa inasema hawapo, na aliyebaki ni mmoja, mama mdogo wa karani, kama walivyokuwa wakimwita kwa kejeli.

Nani alikuwa na nywila? Jeska. Nani angefaidika? Mama yake mdogo. Na polisi walipopekua chumba chake wakakuta sidii ya orodha ya zamani imefungwa ndani ya khanga, chini kabisa ndani ya sanduku. Hata mtoto wa chekechea angemkamata.

Kulikuwa na kasoro moja tu, nayo ilimwasha Siwema kama kiroboto ndani ya soksi. Mistari iliyopotea kwenye jedwali, kwa kuhesabu malalamiko yote, ilikuwa arobaini na tisa. Mitatu ya ziada ilikuwa ya Usoke, kwa wakulima wa tumbaku, mahali ambapo Jeska hakuwa na mama mdogo wala mkubwa.

Akaagiza aletewe mtuhumiwa.

* * *

Jeska alikuwa na miaka ishirini na tisa. Usiku mmoja wa mahabusu ulikuwa umemwongezea mitano.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekunywa chai."

"Sidii ilifuata nini kwenye sanduku lako?"

"Walikuwa wanaifuta kompyuta. Yale majina niliyaandika mimi, afande, kijiji kwa kijiji, mengine nimekaa juu ya gunia la mahindi naandikia magotini. Nisingeweza kuyaacha yafutwe bila nakala."

"Uliomba ruhusa?"

"Sikuomba."

"Hapo ndipo unaponikera, Jeska."

"Hata mimi nimejikera."

Siwema alimsogezea karatasi yenye majina matatu. "Hawa wa Usoke. Unawajua?"

Jeska alisoma, akakunja uso. "Nawajua. Huyu ni wa kwa Mzee Shilinde, huyu wa kwa Limbu, huyu wa kwa Mhoja. Wote ni wake wadogo. Kila mke ana shamba lake, kwa hiyo tuliwaandika kila mmoja na mstari wake."

"Na wake wakubwa?"

"Kwani nao wamepotea?"

Hawakupotea. Kwa dakika nzima Siwema alijiuliza kama binti huyu ana kinyongo na wake wadogo, akaona aibu kwa wazo lenyewe, akalitupa.

"Afande," Jeska alisema, "nikipelekwa gerezani nitavumilia. Lakini mama mdogo anaishi pale. Jumapili jumuiya ilisali nyumbani kwa mtu mwingine bila kumwambia. Mzee Justini amemtemea mate njiani. Justini alimbatiza... alisimamia ubatizo wa mtoto wa mama mdogo. Mimi ndiye niliyewaambia watu wale waje waandikwe. Nilikwenda mlango kwa mlango."

Alifuta macho kwa kiganja. Siwema alichukua jalada na laptopu, akatoka kwenda ofisi ya mradi.

* * *

Godbless alimpokea kwa tabasamu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola.

"Dada, karibu."

"Afande."

"Afande, samahani. Bado ile sidii inakusumbua? Nilikwambia jana, lile faili limeharibika. Huenda aliliharibu mwenyewe alipokuwa akiiba."

"Mashine haisemi limeharibika. Inasema ni la toleo la zamani."

"Ni kitu kilekile."

"Si kitu kilekile. Mzee asiyejua Kiingereza si bubu." Siwema alivuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. "Niambie. Laptopu hii hailisomi faili la zamani. Kompyuta ya zamani haikuweza kuandika faili la programu mpya. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi wewe wiki tatu zilizopita ulihamishaje?"

Tabasamu lilipungua kidogo. "Nilipitia toleo la kati. Lipo toleo moja katikati linaloyaelewa yote mawili. Unalifungulia humo, unalibadilisha, halafu unalinakili kwenye jipya."

"Toleo hilo liko wapi?"

"Isevya. Kwa Bi Zabibu, kwenye stesheneri. Ana kompyuta ya siku nyingi anayochapia kadi za harusi."

Siwema alihesabu moyoni: jana mchana, jana jioni, leo asubuhi, mara kumi za kupuliza sidii. "Kwa nini hukuniambia jana?"

"Hukuniuliza, afande."

Alitamani kumpiga na kalamu. Badala yake alisimama. "Chukua laptopu. Tunakwenda Isevya."

Wakiwa kwenye gari, Siwema alipiga simu Usoke. Namba aliitoa kwenye jedwali jipya, kwenye mstari wa mke mkubwa wa Shilinde. Ilipokewa na mzee mwenyewe, nyuma yake kuku wakigombana.

"Mzee wangu, shikamoo. Naomba namba ya simu ya mke wako mdogo."

"Marahaba. Si ndiyo hii uliyopiga?"

"Hii ni ya mke mkubwa."

"Ni ya nyumba, mama. Wake wawili, simu moja, na simu ninayo mimi. Ukimtaka yeyote, piga hapa, nitamwita."

Siwema alishusha simu taratibu. Dereva alikwepa trekta lililopakia tumbaku, jalada likateleza magotini, na alipoliokota lilikuwa limefunguka kwenye maelezo ya Justini, mlalamikaji. Alikuwa ameyasoma mara tano. Tulikuwa tunakwenda kwa Godeliva kila jioni, alisema Justini, kumwuliza kama ujumbe wetu umefika. Alikuwa anatujibu umefika wake tu.

Mara tano zote alikuwa ameyachukulia kama ushahidi wa uongo wa Godeliva. Hakuwahi kujiuliza kwa nini mtu akaulizie ujumbe wake kwenye nyumba ya jirani.

"Mjinga mimi," alisema kwa sauti. Godbless aligeuka kumtazama.

* * *

Bi Zabibu alikuwa mwanamke mnene wa miaka sitini, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Kompyuta yake ilikuwa ya rangi ya maziwa yaliyochacha, na ilichukua dakika nane kuwaka. Siwema alizihesabu zote.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu kijana namkumbuka. Alikuja siku ile anawahi basi la Dodoma, akanisukuma mpaka kadi zangu zikaanguka."

Sidii iliingia. Haikukoroma. Jedwali likafunguka, lote, mistari elfu moja mia tatu na kitu. Kumbe lilikuwa zima. Muda wote lilikuwa zima.

"Nionyeshe Barabara ya Tisa."

Godbless aliichuja orodha, wakabaki wa kijiji hicho tu. Kaya arobaini na saba. Wa kwanza Godeliva, wa pili Justini, wakafuatana. Siwema alipitisha kidole kwenye safu ya namba za simu, kuanzia juu kwenda chini. Namba ilikuwa moja. Arobaini na saba, zote namba ileile.

Aliipiga hapohapo.

"Haloo?" Sauti ya mwanamke, ya uangalifu, kama mtu aliyechoka kutukanwa.

"Mama Godeliva, ni afande Siwema wa Tabora. Sijampeleka Jeska popote, tulia. Nijibu moja tu. Watu wa Barabara ya Tisa wanatumia simu ya nani?"

"Yangu. Mtandao unashika hapa mwinukoni kwangu tu. Mtu akiwa na simu yake huko bondeni ni tochi. Wakipigiwa na ndugu, wanapigiwa hapa, natuma mtu kuwaita. Wanaandika namba hii hospitali, shuleni, kila mahali." Akasita. "Walikuwa wakiandika. Siku hizi hawaji."

"Na Jeska alipoanza kuandikisha, alianza na nani?"

"Na mimi. Watu walikuwa wanaogopa. Akasema, mama mdogo, anza wewe wakuone."

Siwema alishukuru, akakata. Kisha akamgeukia mtaalamu.

"Kwenye jedwali jipya, umeweka sharti gani kwenye namba ya simu?"

"Isijirudie. Kaya moja, namba moja. Ndivyo inavyofanyika."

"Wapi?"

"Kila mahali."

"Umewahi kufika Barabara ya Tisa?"

"Data haihitaji mtu kufika, afande." Alikuwa ameanza kutoka jasho puani. "Na hata hivyo, namba ikijirudia programu ingeniambia. Ingetoa ujumbe. Siku ile hakukuwa na ujumbe wowote. Niliandika hivyo kwenye maelezo yangu, na nimetia saini."

"Nimeyasoma. Sasa usinieleze tena. Tengeneza jedwali tupu kwenye laptopu, lenye masharti yaleyale. Halafu nakili kama ulivyonakili siku ile. Bi Zabibu, njoo usimame hapa uwe shahidi."

Bi Zabibu alivaa miwani.

Godbless alifanya kazi haraka, na Siwema alikiri moyoni kwamba mikono yake ilikuwa hodari. Akalibadilisha faili kwa toleo la kati, akalihamisha kwa flashi, akalifungua kwenye laptopu. Akachagua mistari yote, akanakili, akabandika.

Kioo kikasita. Kisanduku kikatokea katikati, chenye maandishi mengi, na kabla Siwema hajafika neno la tatu kidole cha Godbless kilikuwa kimeshabonyeza. Kikatokea cha pili. Akabonyeza. Kwenye orodha ya majedwali, pembeni, likachomoza jedwali jipya ambalo hakuna aliyelitengeneza, na mkono wa Godbless ukaenda wenyewe, ukalichagua, ukaelekea kwenye neno Futa.

Siwema akamshika kifundo cha mkono.

Nje muuza maji alikuwa anagonga ndoo zake.

"Ndivyo alivyofanya siku ile," alisema Bi Zabibu. "Hivyohivyo. Nikamwambia, baba, mashine inakusemesha. Akasema ni takataka tu."

"Kisanduku cha kwanza kilisema nini?" Siwema aliuliza.

Godbless alikitazama kidole chake. "Sijui."

"Sawa. Tutasoma wote."

Alimrudisha mwanzo. Safari hii mkono wa kijana ulikaa mapajani, na Bi Zabibu akasoma kwa sauti akitafsiri polepole, kama anayesoma barua ya mkwe. Kisanduku cha kwanza kilisema kuna namba zinazojirudia mahali zisiporuhusiwa, na kikauliza kama kiendelee kulalamika kwa kila mstari au kinyamaze. Cha pili kilisema mistari iliyokataliwa imewekwa kwenye jedwali la peke yake, liitwalo jedwali la makosa. Wakalifungua. Siwema alihesabu kwa ncha ya kalamu. Arobaini na sita wa Barabara ya Tisa. Watatu wa Usoke, wake wadogo wote. Jumla arobaini na tisa. Wa kwanza mwenye namba alikuwa amepokelewa, kila aliyefuata nayo akakataliwa.

Watu waliokuwa wamefutwa duniani walikuwa wamepangwa vizuri kwenye chumba cha pembeni, wakisubiri mtu awasome, mpaka huyu akaja na fagio.

"Jumamosi watu walipoanza kupiga kelele," Siwema alisema, "uliikumbuka hii takataka?"

Godbless alirekebisha kola ya shati.

"Nimekuuliza."

"Niliikumbuka Jumapili." Sauti ilikuwa ndogo. "Kompyuta ya zamani nilikuwa nimeshaifuta. Nikadhani hakuna nakala tena popote. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, afande. Nikadhani..."

"Na jana ukasikia nakala ipo, iko kwenye sanduku la Jeska. Ndiyo maana faili likawa limeharibika."

Siwema alikuwa amengojea tangu jana raha ya kumfikia mtu wa kumkasirikia, na sasa alipomfikia alikuta hasira yenyewe imegawanyika. Tangu jana, mara kumi, naye alikuwa amebonyeza bila kusoma. Na maelezo ya Justini alikuwa ameyabonyeza mara tano.

"Andika," alisema, akimsogezea karatasi. "Jina lako kamili. Na safari hii soma kabla ya kutia saini."

* * *

Saa saba na dakika arobaini Rashidi alikuwa ameshasoma kurasa zote nne, mbili za Godbless, moja ya Bi Zabibu, moja iliyochapwa majina arobaini na tisa.

"Kwa hiyo aliyezifuta kaya ni nani?"

"Hakuna aliyekusudia kuzifuta, afande. Kuna asiyesoma. Kosa la jinai ni la jana, alipotuletea maelezo ya uongo akijua. Yuko nje, kwenye benchi."

"Na binti?"

"Aliweka nakala. Bila yeye tusingekuwa na hata jina moja."

Rashidi aliligeuza jalada akalilaza kifudifudi, ishara yake ya kushindwa bila kusema ameshindwa. "Mtoe."

Jeska alipopewa viatu na mkanda wake hakuuliza njia ya nyumbani. Aliuliza laptopu iko wapi. Pale kwenye dawati la Siwema, bado ananuka mahabusu, aliliondoa sharti la namba ya simu, akanakili mistari arobaini na tisa, akabandika. Kisanduku kimoja kikatokea. Alikisoma hadi nukta ya mwisho, midomo ikitembea, halafu akasoma tena. Kilikuwa kinauliza tu kama ana uhakika wa kuongeza mistari arobaini na tisa. Akabonyeza Ndiyo, akafunika uso kwa mikono miwili na kulia kama mtoto. Siwema alimwacha alie. Alitazama dirishani, ana hasira na kila kitu, mpaka na dirisha.

Ndipo simu yake ikaita. Ilikuwa namba ambayo sasa aliijua kwa moyo.

"Afande," alisema Godeliva, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na mlio mfupi wa simu, kisha mwingine, kisha mwingine. "Simu yangu imeingiwa na nini? Ujumbe unamiminika. Shamba lako limeandikishwa, shamba lako limeandikishwa. Kila mmoja una jina la mtu."

Siwema alifumba macho. Hakuwa amelifikiria hilo. Mfumo ulikuwa unatangaza habari njema kwa kaya arobaini na sita, na habari zote zilikuwa zinaingia kwa mwanamke mmoja ambaye hakuna hata kaya moja iliyokuwa ikimsalimia.

"Ni wa majirani zako, mama. Wamerudi wote. Jeska yuko hapa, yuko huru." Akaongeza, "Tunaweza kumtuma mtendaji wa kijiji awapitie. Si lazima uende wewe."

Simu ilipiga mlio mara nne zaidi kabla Godeliva hajajibu.

"Mtendaji yuko Kaliua mpaka Ijumaa. Na wa kwanza hapa ni Justini." Alivuta pumzi. "Atalala siku mbili nyingine anadhani hana shamba. Mwambie Jeska asihofu akipiga asinipate, nashuka bondeni; ngoja kwanza nitafute viatu."